Mistari Sambamba Juu ya Shamba la Bibi

Dalali alinipakia kwenye pikipiki yake pale Mazwi mjini, nje ya kibanda changu cha cherehani, akanipeleka Pito, pembeni ya mji, kunionyesha kiwanja. Njia nzima alikuwa anaongea, na kwa upepo wa huku kwetu nilikuwa naokota neno moja moja: kimenyooka, barabara mbele, barabara ubavuni, umeme uko mlangoni. Ilikuwa mwezi wa saba, nimevaa sweta na khanga mbili juu yake, na bado meno yanagongana. Tulipofika akazima pikipiki, akanyoosha mkono kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Mama, ona mwenyewe. Mstatili safi. Hakuna kona iliyopinda hapo."

Mstatili niliuona. Kazi yangu ni kushona sare za shule, na mistatili ndiyo inayonilisha. Ila nyuma ya huo mstatili niliona mwamba bapa wenye kidimbwi kidogo katikati, nusu yake umemezwa na ukuta wa jirani. Kwenye kidimbwi kile nimekunywa maji ya mvua. Juu ya mwamba ule nimepura ulezi, nimeanika maharage, nimechapwa fimbo moja ya haki kabisa kwa kuchezea mbegu. Nilikuwa nimesimama ndani ya shamba la bibi yangu, na huyu bwana alikuwa ananiuzia.

"Hapa zamani palikuwa pori tu," dalali akasema. "Hapakuwa na mtu."

Alikuwa na mteja mwingine anamsubiri kule Kizwite, roho yake iko kwenye simu. Basi nikusimulie wewe, ndugu yangu, maana nikikaa nalo peke yangu litanichoma.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Mama alikuwa ameolewa Mpanda na mwanamume asiyetaka mtoto wa mwenzake, na babu alishafariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili na kuku. Bibi alikuwa mfupi, mkali, mpenda watu. Aliniita mke mwenzake, akanitania kwamba babu alikufa mapema ili asituone tukigombana. Nyumbani tulisema Kifipa, Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha wageni. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali wa ulezi, jioni tena ugali wa ulezi na maharage, na siku bibi akiwa na furaha, dagaa wa ziwani waliokaangwa mpaka jirani anapiga chafya. Nilikuwa nalalamika kuhusu ule ugali mweusi. Leo nautafuta sokoni, nikiupata unga wake umechanganywa na mahindi, basi narudi nyumbani nimenuna.

Kilimo cha bibi kilikuwa cha vilima. Watu wa huku wanajua, ila wewe wa mbali nikueleze. Mvua zikikaribia kuisha, nyasi zikiwa bado mbichi, alikata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, akaligeuza kichwa chini. Hilo la kwanza ndilo katikati. Kisha analizunguka, anakata na kuvuta, anakata na kuvuta, umbali wa mpini wa jembe na si zaidi, mpaka kinainuka kilima cha mviringo kinachonifika kiunoni. Hiyo ndiyo intumba. Ndani nyasi zinaoza taratibu, juu tunapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata kilima kinabomolewa, udongo mweusi unatandazwa, ulezi unamwagwa. Asubuhi ya baridi ukichomeka mkono ndani ya intumba unakuta joto, na mimi nikienda shule nilikuwa napita kwanza kuchomeka mikono yote miwili, kisha naondoka mbio kabla bibi hajaniona.

Mashamba yake yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa yanalimwa. La tatu, hili lenye mwamba, lilikuwa limelala.

Hivyo ndivyo alivyosema, limelala, na alimaanisha. Shamba likishazaa miaka linachoka, unaliacha liote nyasi, usiliguse. Tukipita kando yake alishusha sauti. Mimi nikiimba alinifinya: "Unapiga kelele za nini, huoni limelala?" Kila kiangazi alifyeka njia pana kulizunguka ili moto wa wachunga ng'ombe usije ukaingia. Tuliruhusiwa kuokota uyoga tu, na tuliokota kama wezi, kwa kunyata.

Na kipimo cha kujua limepumzika vya kutosha kilikuwa ni mimi. Kila mwaka mvua zikiisha alinisimamisha katikati ya nyasi, yeye akarudi juu ya mwamba, akakinga macho kwa kiganja. "Bado nakiona kichwa chako," anasema. "Toka, twende." Mwaka unaofuata nyasi zimerefuka, ila na mimi nimerefuka. "Bado nakiona. Wewe na nyasi mnashindana au mmepanga?" Nilikuwa nachuchumaa kidogo ili nimsaidie, naye ananiona kabisa, anacheka mpaka anakaa chini. Shamba lile lilikuwa ndilo bora kuliko yote. Alishaniambia litakapoamka tutapata ulezi wa kujaza kihenge mpaka mfuniko ukatae, na mimi nitanunuliwa viatu vya kufunga kamba. Alingoja hilo shamba kama watu wanavyongoja mtoto arudi kutoka safari.

Sasa ingia na mimi darasani. Darasa la tano, mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa kutoka nchi ya joto, maskini, alivaa koti mwaka mzima na alishika rula ya mbao ndefu kuliko mimi. Siku hiyo alichora mistari miwili ubaoni, akatuimbisha: mistari sambamba ni mistari iliyo umbali sawa siku zote, haikutani hata ukiirefusha vipi. Wenzangu wakaimba. Mimi nikanyoosha mkono, maana mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Mwalimu, na ikifika bondeni?"

"Hata bondeni haikutani."

"Ikikuta jiwe?"

"Inapita juu ya jiwe."

"Ikikuta nyumba ya mtu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, hakuwa mtu mbaya. "Mstari haujui nyumba ya mtu," akasema. "Kaa chini."

Nilikaa, lakini sikuelewa. Nieleweje? Kwetu njia ilikuwa inazunguka shamba la mtu, ikifika kwenye kaburi inapinda, ikifika penye tope inatafuta pakavu. Nyumba ya jikoni ya mviringo, kihenge cha mviringo, intumba za mviringo mpaka macho yanachoka. Kitu kinachonyooka bila kumwangalia mtu usoni nilikuwa sijakiona.

Jioni nilimweleza bibi. Alikuwa anachambua maharage, akasikiliza kwa makini yote, kwa sababu alidhani kila kinachosemwa shuleni ni kikubwa.

"Yaani wanatembea pamoja, wanatazamana, siku zote?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hawasogeleani wakasalimiana?"

"Hapana. Kamwe."

Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage yake. "Basi hao wana ugomvi wao. Si wa kuwafuata nyuma."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kwetu unajua salamu zilivyo: unasimama, unauliza wa nyumbani, wa shambani, mvua, ng'ombe, mgonjwa, ndipo unapita. Mtu anayekupita hivi hivi ana lake jambo.

Maumbo ndiyo yaliyompendeza. Mwalimu alitutuma tutafute maumbo nyumbani, tuje tuyataje. Bibi aliacha kazi zote. Mafiga matatu akaniambia niyaandike, nikamwambia hiyo ni pembetatu. Ungo, duara. Mkeka, mstatili. Kila nikitaja jina alilirudia polepole kwa lafudhi yake nzito, pe-mbe-ta-tu, halafu anaangalia yale mafiga kwa macho mapya kama anamwangalia ndugu aliyepewa cheo. Tatizo likawa mraba. Pande nne sawa, kona nne sawa. Tulizunguka nyumba nzima, tukapima mlango kwa uzi, tukapima dirisha, tukapima kigoda, hakuna. Mpaka bibi akainua kipande cha sabuni ya mche tulichokatiwa dukani, akakigeuza, akanionyesha pale kisu kilipopita. Pande nne, sawa kabisa.

"Kumbe mraba unauzwa dukani," akasema. Alifurahi siku mbili nzima.

Mistari sambamba ndiyo iliyonishinda. Mwalimu alitupeleka hata shamba la shule, akatuwambisha kamba kwenye vigingi tukachimba matuta kuzifuata, na mimi nikamuuliza kwani kamba ikitolewa matuta yatakumbuka? Njia ya kwenda mjini mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa inaacha alama mbili za magurudumu kwenye tope, nikasimama nikaziangalia. Hapa chini zimeachana. Kule mbele, juu ya mgongo wa kilima, zimekutana kabisa. Nikamwonyesha bibi, tumebeba ulezi wa kuuza, yeye debe mimi kikapu.

"Si unaona zinakutana? Mwalimu anadanganya."

"Twende tuone," akasema, na alisema kweli, tulikwenda kuona. Tulipofika pale juu hazikuwa zimekutana. Zilikuwa zimekutana kilima cha mbele. Tulipofika cha mbele, zimehamia kingine. Bibi akatua debe, akajishika kiuno, akaziangalia alama za gurudumu kwa hasira ya kweli. "Wanatukimbia hawa," akasema. Tulifika Mazwi jua limekuwa kali, bei ya asubuhi imepita, na yeye wala hakununa. Alimsimulia kila mtu sokoni.

Mwaka huohuo mvua zilipoisha, alinisimamisha kwenye nyasi. Nikangoja. Nikasikia upepo, nikasikia panzi, sikusikia kitu kingine. Nikadhani ameondoka. Ndipo akapiga kigelegele kule juu ya mwamba, kigelegele cha harusini, na wakati huo alikuwa ametukataza hata kuimba. "Sikioni!" akasema. "Kichwa chako sikioni! Mke mwenzangu, limelala likashiba!" Akashuka, tukakumbatiana mle ndani ya nyasi. Mvua zinazokuja tunaliamsha. Alianza kutafuta jembe jipya siku ileile.

Wapimaji walikuja kiangazi hicho.

Ilitangazwa kanisani baada ya misa: mji unapanuka, Pito itapimwa, kila mwenye shamba asimame shambani kwake aonyeshe. Watu hawakuogopa. Walipiga pasi nguo. Bibi alivaa kitenge cha Pasaka na akapika togwa kwa ajili ya wageni, maana watu wanakuja kwako, unawaachaje na koo kavu? Walikuwa vijana wastaarabu, wana chombo cha miguu mitatu, vigingi vyenye rangi nyekundu na mafungu ya kamba. Walimwamkia, shikamoo mama, wakanywa togwa, wakashukuru.

Mkubwa wao akamuuliza mashamba yake ni yapi. Akamwonyesha lile la intumba la kwanza, akamwonyesha la pili. Kijana akauliza kona ziko wapi. Bibi hakumwelewa, shamba lake halikuwa na kona, lilikuwa linaishia pale intumba ya mwisho inapoishia. Wakasaidiana, wakaandika.

"Na hili lenye nyasi?" kijana akauliza.

"Hilo tuliache," bibi akasema.

"Kuna mtu anayelilima?"

"Hakuna. Halilimwi. Tusipite ndani jamani, tuzunguke."

"Kuna mazao yoyote, mti, kaburi?"

"Hakuna kitu kabisa," bibi akasema, kwa fahari. Ndiyo, kwa fahari. Maana shamba lililolala vizuri ndivyo linavyotakiwa kuwa, halina kitu kabisa, hata muhogo mmoja wa kuiba nguvu. Alikuwa anajisifu! Alikuwa anamwambia yule kijana, nimelitunza hivi miaka yote, sijalidokoa. Na kijana akasikia, pori, halina mtu. Akaandika.

Usimcheke bibi. Pito nzima walijibu hivyohivyo. Kila mama alisimama na kitenge chake kizuri akaonyesha mashamba yaliyochoka, akasema haya ni yangu, akafika kwenye lile bora, lile la roho yake, akashusha sauti akasema hilo tuliache. Wakaachiwa yale yaliyochoka. Sijui kama kuna watu wengine duniani wamewahi kupokonywa mali kwa upole kiasi hicho, huku wanamimina togwa. Wapimaji hawakuiba, waliuliza wakajibiwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, sina hata mtu wa kumlaani.

Kesho yake nilitoka shule nikapita kule. Walikuwa wamefyeka mikuza miwili, vinjia vilivyonyooka, ndani ya nyasi zetu na kuwamba kamba. Nikapanda juu ya mwamba. Ndugu yangu, niliona. Mistari miwili imetoka kule chini kwenye kijito, imepanda, imepita juu ya mwamba wetu, jiwe limechorwa rangi nyekundu mahali inapopita, imeshuka bondeni, imepanda upande wa pili, na umbali uleule, umbali uleule. Haikumkwepa mtu. Haikuinama penye tope. Nikaelewa. Lile jambo lililonisumbua muhula mzima lilifunguka kichwani kwangu kwa mara moja, tamu ajabu, nikaruka juu ya mwamba nikipiga makofi peke yangu.

Nilikimbia mpaka nyumbani nimepoteza ndala moja. "Bibi, nimeelewa! Mistari sambamba nimeiona, ipo shambani kwetu, hailiogopi hata jiwe!" Alikuwa anachekecha unga. Akatabasamu kwa sababu mimi nilikuwa natabasamu. Jioni akaja nimwonyeshe, tukasimama pale juu, akaangalia kamba muda mrefu.

"Wamepita katikati," akasema. "Niliwaambia wazunguke."

Mtihani wa muhula ule maswali yote ya maumbo nilipata. Mwalimu wa hesabu alinisimamisha mbele ya darasa, akasema huyu aliyekuwa anauliza uliza, mwoneni. Nilipigiwa makofi.

Mvua za kwanza zilipodondoka bibi aliamka kukiwa na giza, akachukua jembe jipya, tukaenda kuliamsha shamba. Alikuwa ameshaanza bonge la kwanza, lile la katikati, mwenyekiti wa mtaa alipokuja akikimbia, kitovu nje, anamwomba kwa heshima zote aache, hapa sasa ni viwanja, vina namba, vina watu. Bibi akamwambia hapa ni kwangu. Mwenyekiti akasema, mama, ulisema mwenyewe halina mtu. Bibi akasema nilisema limelala. Mwenyekiti naye mtu wa hukuhuku, mamake naye alikuwa amepoteza lake vilevile. Wakasimama wote wawili mvuani wanaangalia lile bonge moja lililogeuzwa.

Alikwenda ofisini. Alikwenda kila mahali alipoambiwa aende, mimi namshika mkono na kumtafsiria. Kila meza alieleza vilevile: lilikuwa limelala, mimi ndiye niliyelilaza. Na nilipokuwa nageuza Kifipa chake kuwa Kiswahili, nilikuwa naona kwenye nyuso zao kwamba neno lake halifiki. Walikuwa wananionea huruma mimi, mtoto wa shule mwenye bibi aliyechanganyikiwa. Tulirudi kwa miguu. Njia nzima hakumsalimu mtu.

Kilichofuata ni kirefu na hakina ladha, nitakufupishia. Mashamba yale mawili hayakuwa na mwenzao wa kupokezana naye, kwa hiyo hayakulala tena. Unalima mwaka huu, mwakani unalima, mwaka wa tatu ulezi unatoka na vichwa kama vidole vya mgonjwa. Kihenge hakikujaa tena. Tukaanza kununua unga wa mahindi wa dukani, na bibi akila alikuwa anauangalia ule weupe. Kila mvua zikianza alikuwa anakuja hapa kwenye mwamba na jembe lake, haliinui, amesimama tu. Watu walinunua, wengine wakajenga, wengine wakaacha nyasi ziote miaka na miaka. Hizo ndizo zilizommaliza. Angeziona nyumba pote angekata tamaa akapumzika. Lakini nyasi zilikuwa zinaota, ndefu, nzuri, na yeye anasimama pale anakinga macho kwa kiganja. Nilikuwa nimeshamaliza shule, najifunza cherehani mjini, waliponiletea habari kwamba ameanguka, na hakuinuka tena. Hakuniachia kitu isipokuwa ungo na lile jembe.

"Mama," dalali akaniita, "shika hapo tupime uhakikishe, usije ukasema nilikudanganya." Akanipa ncha ya tepu. Nikashika. Upande huu na upande ule, sawa. Mbele na nyuma, sawa. Sijawahi kuona mstatili mzuri kama ule.

"Kwa nini mwenyewe anauza?" nikauliza.

"Hakuendeleza. Ameshaonywa mara mbili. Unajua kiwanja hakitakiwi kukaa hivi hivi, ukiacha nyasi wanakunyang'anya wanampa mwingine. Na wewe ukichukua usilale, mama. Weka hata msingi."

Nikamwangalia. Kijana mzuri, mdogo, pengine na yeye ana bibi yake mahali.

Ungefanya nini wewe? Miaka yote nimepanga Mazwi, chumba kimoja cha kulala na cherehani. Ningekiacha angekuja mtu mwingine wiki hiyohiyo, na angejenga palepale. Nikikinunua sina ruhusa ya kukilaza. Nilijigeuza huku na huku, usingizi sikuupata, na mwisho wake nikafanya kama wanavyofanya watu wote. Nilinunua.

Jumamosi iliyopita fundi alikuja kuchimba msingi. Aliwamba kamba mbili kwenye vigingi, akaniomba nisimame upande wa mwamba nimwangalizie kama zinakwenda pamoja. Nikapanda palepale, pale pa bibi. Nikakinga macho. Zilikuwa sambamba kabisa, nikamwambia chimba.

Sululu ilipozama mara ya tatu ulitoka udongo mweusi, mweusi kama masizi, laini, una mizizi iliyooza na harufu ile ya intumba. Fundi akachota kiganjani, akaufinya, ukabaki na umbo la vidole vyake. Akaguna.

"Udongo huu haufai, mama. Hauwezi kubeba nyumba, umeoza. Itabidi tuutoe wote mpaka tupate mgumu."

Nikashuka, nikachomeka mikono yote miwili ndani ya mtaro. Udongo ulikuwa wa baridi.

"Tuutupe wapi?" fundi akauliza.

Nikamwonyesha barabarani.